Vigae vya mkono, taili za dukani au mawe ya Tabaka: niweke nini kuzunguka meko ya sebuleni?

BintiNjoro

Hamjambo nyote. Naomba mawazo yenu, hasa mafundi na wenye nyumba za baridi kama za huku kwetu Njoro.

Nyumba tunayoishi ni ya mawe, ya enzi za walowezi, na sebuleni ina meko ya kuotea moto. Ndiyo roho ya nyumba hii. Julai ikifika na ukungu ukishuka kutoka Mau, watoto hawabanduki hapo mpaka waitwe kulala. Vigae vya kijani vilivyozunguka mdomo wa meko vimekuwa vikidondoka kimoja kimoja tangu nikiwa shule ya msingi, na sasa vimebaki vinne. Wiki jana nilibandua kimoja kilicholegea, nikakigeuza. Mgongoni kuna alama za vidole vitatu vya mtu aliyekibonyeza udongo ukiwa bado mbichi. Nimekiweka kwenye dirisha la jikoni na kila nikiosha vyombo nakitazama.

Mume wangu anasema tununue taili za dukani, kazi iishe kwa siku mbili. Mama mkwe, ambaye kwao ni Kisii, anasema mawe ya Tabaka, yale laini ya kuchongwa ya huko kwao. Mimi moyo wangu uko kwenye vigae vya kufinyangwa kwa mkono, ila naogopa vitapasuka kwa moto. Mdomo wa meko una upana wa sm 91 na kimo cha sm 76. Nataka ukanda wa sm 15 kushoto, kulia na juu, kisha sakafu ya mbele. Tunachoma kuni za muwati na mkalitusi. Aliyewahi kufanya kazi kama hii anishauri.

FundiBahati

Dada, kabla ya kuchagua taili, jua mahali inapokwenda. Meko yana sehemu tatu na kila sehemu ina moto wake. Kuna tumbo, pale kuni zinapowaka. Hapo ni matofali ya kuhimili moto peke yake, na usiruhusu fundi yeyote akubandikie taili humo hata akikuapia. Kuna uso, yaani huo ukanda wako wa sm 15. Hapo joto linapanda na kushuka kila jioni lakini mwali haugusi. Halafu kuna sakafu ya mbele, ambako kaa linaruka, gogo linateleza na mtu anaangusha koleo. Sakafu hiyo ienee angalau sm 50 kutoka kwenye mdomo.

Kwa uso na sakafu mimi natumia taili ngumu za poseleni. Hazinywi maji, masizi yanapanguswa kwa kitambaa, unene ni mmoja, pimamaji inatulia. Vigae vya mkono nimebandika mara moja tu, Milimani hapa Nakuru. Kimoja kina mm 9, mwenzake mm 13, kingine kimejikunja pembe. Kazi ya siku moja ilinichukua siku nne. Vilipendeza, hilo sikatai. Lakini mwenye nyumba hakuwa amepigia hesabu siku zangu, akashtuka.

WaMoloBaridi

Naunga mkono fundi kuhusu tumbo la meko, kwa sababu yamenikuta. Mwaka tuliohamia hapa Molo tulipata fundi aliyetubandikia taili za poseleni mpaka ndani kabisa, kwa gundi ile ile ya bafuni. Usiku wa tatu tukasikia mlio kama wa risasi. Taili ilitoka ukuta wa nyuma ikavunjikia juu ya zulia, hatua moja kutoka alipokuwa ameketi binti yangu. Nyingine mbili zilifuata kabla sijamwaga mchanga juu ya moto. Asubuhi nilipozibandua zilizobaki, gundi ilikuwa imegeuka unga, ukiigusa kwa kidole inamwagika.

Nilibomoa yote. Ndani sasa ni matofali ya moto, usoni nimepiga plasta nikapaka chokaa. Si pazuri, ila watoto wanakaa karibu na moto bila mimi kuwachunga. Dada, chochote utakachochagua, usianze bila kumwuliza fundi anabandikia nini.

UdongoKisumu

Mimi ni mfinyanzi, mama yangu alikuwa mfinyanzi, na naomba nijibu hofu ya dada kuhusu kupasuka, kwa sababu watu wengi wanaielewa kinyume.

Fikirieni chungu cha mboga. Chini kina moto wa kuni, ndani kina maji baridi, na bado hakipasuki. Udongo wake ulichomwa kwa nyasi na kuni mahali pa wazi, joto ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 600 na 900. Poseleni huchomwa kwa nyuzi 1,200 hivi, mpaka udongo unakaribia kuwa kioo. Watu wanadhani kilichochomwa zaidi ndicho kinachohimili moto zaidi. Sivyo. Chungu kina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho, na ufa ukianza unafika kwenye tundu unaishia hapo. Poseleni haina matundu, kwa hiyo ufa ukianza unakwenda moja kwa moja mpaka upande wa pili. Ule mlio wa Molo ndio huo. Hata lile jiko la makaa la bati tunalotumia sote lina kikombe cha udongo wa namna hii, na kinakaa na makaa mekundu kila siku.

Jambo la pili ni chengachenga. Mama alikuwa akitwanga vyungu vilivyovunjika, anachekecha, anachanganya na udongo mbichi. Chengachenga hizo zimeshapita motoni, hazisinyai tena, kwa hiyo zinatuliza udongo wakati wa kukauka na wakati wa kuchomwa. Neno lenyewe linasema: kabla ya kuwa cha ukutani, kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika. Tunatwanga vigae ili tupate vigae. Mfinyanzi akikuuzia kigae cha meko mwulize kwanza ameweka chengachenga kiasi gani. Akikosa jibu, nenda kwa mwingine.

Sasa hesabu yako. Sm 91 kwa 76 ni futi tatu kwa futi mbili na nusu. Aliyejenga hapo alipima kwa inchi, na vigae vyako vya zamani bila shaka ni vya inchi 6. Kila upande vinaingia vitano, juu vinane pamoja na pembe, jumla 18. Kigae cha sm 15 pamoja na mm 2 za grauti, ile saruji ya kujaza viungo, kitakaa sawasawa. Udongo wangu hupungua asilimia 10 tangu ukiwa mbichi mpaka utoke tanurini, basi mimi nitaukata sm 16.7. Agiza zaidi ya 18, kwa sababu kuna vitakavyojikunja na kuna atakavyovunja fundi.

FundiBahati

Mama UdongoKisumu, hapo kwenye chungu umenifunza kitu na ninakushukuru. Lakini chungu chako hakina glezi, ule utando wa kung'aa unaopakwa juu ya udongo na kuchomwa. Weka kigae kisicho na glezi kwenye uso wa meko, choma mkalitusi miezi miwili, halafu jaribu kutoa masizi pale juu ya mdomo. Yameingia ndani, hayatoki. Na ukikipaka glezi, glezi ni kioo, itapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Dada achague lipi?

UdongoKisumu

Swali zuri, fundi wangu. Nyufa za utando wa buibui zinakuja glezi inaposinyaa kuliko udongo ulio chini yake. Glezi ikilingana na udongo, hazitokei, na ndiyo maana sitaki mtu achukue glezi ya dukani na kuipaka kwenye udongo wa shambani. Zikitokea, zinaharibu sura kidogo lakini kigae hakianguki.

Na kigae kisicho na glezi si lazima kiwe mfyonza masizi. Kisugue kwa kokoto laini ya mtoni kikiwa kimekauka nusu, kabla ya kuchomwa. Uso unafunga, unang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, amejulikana duniani kote kwa vyungu vya kusugua namna hiyo, bila tone la glezi. Lakini nakubali, juu kabisa ya mdomo masizi yatashinda. Hapo glezi ni bora.

MweTabaka

Nawasalimu kutoka Gusii kusini. Mama mkwe ana haki ya kusifia mawe yetu, ila niseme wazi mazuri na mabaya, maana tunayachimba na kuyachonga tangu babu zetu.

Uzuri ni kwamba jiwe linachongeka kwa kisu na msasa, unaweza kupata ukanda mzima wa juu bila kiungo hata kimoja, na rangi zipo nyeupe, krimu, waridi na kijivu. Ukiligusa saa nne za usiku bado lina joto. Ubaya ni kwamba linakwaruzika. Koleo likiburutwa mara moja sakafuni, alama imebaki. Pia ni zito: bamba la sm 60 kwa 60 lenye unene wa sm 3 linakaribia kilo 30, kwa hiyo ukuta uwe na kitu cha kulibeba, si gundi pekee. Vinyago vyetu vingi hupakwa nta ili ving'ae. Jiwe la meko lisipakwe, litanuka na kuacha madoa.

Tena mawe hayafanani. Hata katika shimo moja, lingine lina mshipa unaofunguka kwa joto. Kabla ya kulipa, omba kipande cha jiwe lile lile, kiweke kando ya makaa jioni nzima, kiache kipoe chenyewe, kisha kigonge kwa kucha. Kikilia vizuri, chukua. Kikilia kama kibuyu kilichopasuka, rudisha.

MlamuNakuru

Nimesoma kwa furaha. Mimi ni mtu wa Lamu, nimeolewa Nakuru, na baridi ya huku ilinishinda mpaka tulipojenga meko. Kwetu nyumba kubwa zina zidaka, vile vijidirisha vya plasta visivyotoboka ukutani, ambamo mabibi walipanga sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina. Makaburi ya mnara ya pwani nayo yalipambwa kwa bakuli zilizokazwa ndani ya plasta. Kwa hiyo kauri ukutani si jambo la wageni peke yao.

Nilifanya kazi Uholanzi miaka mitano. Nyumba za kule za karne ya 17 zina meko yaliyozungukwa na vigae vya Delft, sm 13 hivi kila upande, vyeupe vyenye picha za buluu: mtoto anacheza gurudumu, mvuvi, meli, kila kigae na picha yake. Watoto walikaa motoni wakasoma ukuta. Baadaye niliona kazi za Ernest Batchelder, aliyeanza kufinyanga vigae Pasadena, California, mwaka 1909. Vyake si vya kung'aa. Ni vya rangi ya udongo, na buluu imebaki tu kwenye mabonde ya nakshi, maana aliipaka kisha akaifuta juu. Hicho ndicho ningekipenda Njoro. Ule udongo mwekundu wa shamba lako uonekane, na rangi ikae penye nakshi tu.

Ukipata nafasi tembelea ngome ya mlowezi Lord Egerton pale Ngata, si mbali na kwako. Ilianza kujengwa 1938 ikamalizika 1954. Tazama meko yake, utaona jinsi uso wa meko unavyobeba chumba kizima.

BintiNjoro

Asanteni sana, nimesoma kila neno, na mume wangu nimemsomea. Amekubali uso uwe wa vigae vya mkono, kwa sharti kwamba sakafu iwe ya poseleni nyeusi ambayo haitamsumbua kuosha. Nimeona ni haki. Mama mkwe bado hajaridhika, nami siwezi kumlaumu, ila koleo la nyumba hii liko mikononi mwa wavulana wawili na jiwe la Tabaka halitamaliza mwaka.

Nimepima kigae cha zamani. Ni sm 15.2, inchi 6 kamili, kama alivyosema Mama UdongoKisumu. Vinne vilivyobaki nataka virudi juu katikati, basi nahitaji 14 vipya. Swali langu ni rangi. Kijani kile nikipate wapi? Si kijani cha chupa wala cha majani. Ukikiinamisha mwangani kina kahawia ndani yake, na pembeni glezi imekimbia ikakusanyika kama asali.

UdongoKisumu

Binti yangu, hiyo kukimbia na kukusanyika pembeni inanipa wazo. Inawezekana kabisa glezi hiyo ina jivu ndani yake. Jivu la kuni lina chokaa na potasiamu, na katika moto wa nyuzi 1,250 hivi linayeyusha udongo uliochanganywa nalo, linakuwa glezi ya kijani yenye kahawia, na inateleza namna hiyo hiyo unayoieleza. Kila mti una rangi yake.

Nitumie jivu la meko yako. Choma muwati peke yake siku kadhaa, bila karatasi za plastiki wala mbao zenye misumari na rangi. Liache lipoe siku nne, maana kaa hujificha ndani. Lichekeche, jaza ndoo ndogo yenye kifuniko. Mimi nitaliosha. Wewe usilitie maji, maji yake yanaunguza mikono.

Nikuambie ukweli pia: kwa joto hilo siwezi kutumia udongo wa chungu cha mboga, utalainika na kupinda. Nitatumia udongo wa moto mkali na kuutia chengachenga nyingi. Hautakuwa na uvumilivu wa chungu, kwa hiyo vigae hivi ni vya uso tu, mwali usiviguse.

FundiBahati

Kama ni hivyo, hii kazi naitaka mimi mwenyewe, na niandike hapa jinsi ya kuifanya ili mwingine akisoma afaidike.

Ukuta wa nyuma uwe jiwe au tofali tupu. Plasta ya zamani inayotoa mlio wa uwazi ikigongwa ibomolewe yote. Kusiwe na ubao wala jasi nyuma ya vigae. Vigae vya mkono havikai kwa gundi nyembamba inayochanwa kwa mwiko wa meno, kwa sababu ya tofauti ya unene, vinataka kitanda kinene cha mchanga na saruji au gundi ya kuhimili joto inayoruhusu unene huo. Kilicho chembamba kinaongezewa nyuma, kilicho kinene kinapunguziwa, nyuso zinalingana. Vile vya zamani vinyonyeshwe maji kwanza, la sivyo vitavuta unyevu wa saruji nayo itakauka bila nguvu. Mama, migongo ya vipya uikwaruze ili saruji ishike.

Kubwa kuliko yote: kati ya matofali ya tumbo na vigae vya uso uachwe mwanya. Matofali yakipata moto yanatanuka, yakikosa pa kwenda yanasukuma vigae. Nadhani ndicho kilichoangusha vyako miaka yote hiyo, dada, si ubovu wa vigae. Mwanya usijazwe saruji. Weka kamba ya nyuzi zisizoungua, ile wanayotumia kwenye milango ya boila katika viwanda vya chai. Inauzwa kwa mita. Na rafu ya mbao juu ya meko isiwe karibu zaidi ya sm 30 kutoka kwenye mdomo.

WaMoloBaridi

Kamba ya boila! Mimi sikuambiwa habari za mwanya hata siku moja. Fundi, ukimaliza Njoro njoo Molo uutazame uso wangu wa plasta.

BintiNjoro

Nimerudi baada ya wiki sita. Ndoo ya jivu ilikwenda Kisumu kwa gari la abiria, na jana kigae cha majaribio kimefika kimefungwa ndani ya leso.

Nilikiweka kando ya kile cha dirishani. Kijani si kile kile. Hiki kina manjano zaidi, na mahali glezi ilipokuwa nyembamba udongo unajitokeza wa rangi ya kutu. Ila pembeni imekusanyika vilevile, nene, ina vitone vidogo vya kahawia ndani. Mume wangu alikishika muda mrefu akauliza kama kweli hilo ni jivu letu. Nikamwonyesha mgongo: mikwaruzo kama alivyoomba fundi, na chini yake vidole vinne vya Mama.

Kimekaa jioni tatu kando ya moto, sm 20 kutoka kwenye makaa, kila siku kinapashwa na kupoa. Nimekigonga kwa kucha kama alivyofundisha ndugu wa Tabaka. Kinalia kama kengele ndogo. Mama, fanya 20. Fundi, mwanya tayari nimeutoboa upande wa kushoto, nikakuta umejazwa saruji tupu kama ulivyosema.

FundiBahati

Usiendelee kutoboa, usije ukalegeza linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya mdomo. Nitakuja na grainda vigae vikifika. Panga mapema mahali pa kuota moto pengine, kwa sababu nikishabandika nataka wiki tatu bila moto kabisa, unyevu utoke wenyewe. Ukiwasha mapema maji yaliyo ndani ya kitanda yanageuka mvuke na kusukuma vigae kutoka nyuma. Baada ya hapo siku ya kwanza ni vijiti tu, kiasi cha kuchemsha chai. Siku ya pili ongeza kidogo. Gogo la muwati lisiingie kabla ya siku ya tano.